Mtumiaji Huyu Yumo Ndani

Mlango ule ulikuwa wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa ameshakufa. Hapo ndipo penye kisa chote. Mengine ni fujo za ofisi na machozi ya nyumbani, na hayo nani asiyeyajua?

Aliyeupitia alikuwa mwanamke mmoja wa mamlaka ya maji, kitengo cha ripoti. Wenzake walimwita Mama Ripoti. Mtoto hakuwa naye. Walisema ripoti ndizo alizozaa, wakacheka, naye akacheka nao, maana angefanya nini? Kazi yake ilikuwa kuchota taarifa kwenye kanzidata, ile ghala ya kompyuta inayojua kila mita, kila bomba na kila nyumba yenye koki, kisha kuzipanga zisomwe na wakubwa wasiopenda kusoma. Aliipenda kazi hiyo, na bila hiyo nyumba yake isingesimama.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa domo kweli kweli. Angekupima bega huku anakusimulia habari za mtaa mzima, na suruali ungeipata imechelewa ila umecheka mbavu huna. Kiharusi kilimwangusha mchana kweupe, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Alipotoka hospitali mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala, na katika maneno yake yote lilikuwa limebaki moja tu: bado. Umekula? Bado. Unaumwa? Bado. Unanijua mimi ni nani? Bado. Daktari alisema ni kawaida, ugonjwa huo huacha neno moja likizunguka kinywani, lisiwe na maana yoyote. Mama Ripoti aliitikia, lakini mle ndani neno lenyewe alilisikia kwa namna nyingine, likamtia baridi.

Tena hakuweza kuachwa peke yake. Maji tu yalimpalia. Siku aliyomwachia kikombe mezani akakimbilia kazini, jirani ndiye aliyemkuta amekuwa wa bluu midomoni. Habari zikamfikia mama mkwe kabla hazijapoa.

"Sikulaumu, mkwe wangu," mama mkwe alisema kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayelaumu. "Wewe una kazi yako, una ripoti zako. Mimi nina mwana mmoja. Jumamosi nakuja na gari kumchukua."

"Mama, nimeomba nifanyie kazi nyumbani. Nasubiri jibu tu."

"Nyumbani? Kazi ya ofisi? Haya. Jibu lisipokuja, gari litakuja."

*

Jibu lilikuja, ila lilikuja na masharti. Meneja alimpigia simu ya video, akatokea kwenye kioo na tai yake, nyuma yake kalenda.

"Ripoti ya maji yanayopotea," alisema. "Wakurugenzi wanaitaka. Iwe kwangu Ijumaa kabla ofisi haijafungwa. Ikifika, tutajua kazi ya nyumbani inawezekana, utaendelea hukohuko. Isipofika, Jumatatu nikuone kwenye kiti chako, la sivyo nitafute wa kukikalia."

"Nimekuelewa, bosi. Itafika."

"Sasa, samahani, hili si langu, ni la utawala. Wanataka kuhakikisha huyo mgonjwa yupo. Watu wamekuwa waongo mno. Hebu mwelekezee kamera."

Mama Ripoti alidhani hakusikia vizuri. Kisha akageuka, akamwona mumewe kitandani, fulana imepanda juu ya tumbo, udenda ukimtiririka upande ule uliolala. Akamshushia fulana. Akampangusa kidevu kwa kiganja. Ndipo akaielekeza simu, moyo ukimwuma kama aliyemvua nguo sokoni.

"Pole sana, ndugu," meneja alisema. "Unaendeleaje?"

"Bado," akajibu fundi.

"Bado nini?"

"Ndivyo anavyosema, bosi," Mama Ripoti akadakia, akaigeuza simu haraka.

*

Kumpa njia ya kuingia akiwa nyumbani ilikuwa kazi ya fundi wa kompyuta wa ofisi, mwanamume mpole aliyekuwa na mafua mwaka mzima. Walifanya kwa simu, yeye kule akimwelekeza, Mama Ripoti huku akibofya. Meza nyingine hakuwa nayo, hivyo alikuwa ameiweka laptopu juu ya cherehani ya mumewe, kichwa cha mashine kimelazwa chini ya ubao, kitanda ubavuni. Kila akijisahau mguu ulikanyaga pedali, na gurudumu likazunguka bila uzi wala kitambaa. Fundi cherehani alikuwa akiligeukia kila liliposikika.

"Sasa sikiliza, dada," fundi wa kompyuta alisema, akavuta kamasi. "Akaunti yako inafanya kazi humu ndani tu. Ya kuingilia kutoka nje lazima mkurugenzi atie saini, naye yuko safarini, na akirudi faili lazima lipite utawala. Ijumaa itakukuta unasubiri."

"Sasa tutafanyaje?"

"Ipo akaunti moja yenye ruhusa ya nje. Ya marehemu Jumla."

Mama Ripoti akaacha kubofya. Jumla ndiye aliyemfundisha kazi. Mzee mwembamba, mpole, aliyekuwa hatoki ofisini mpaka kila ripoti ya siku iwe imejumlishwa ikakubali, na jina likamganda. Ofisi nzima yeye peke yake hakuwahi kumwita Mama Ripoti. Alimwita kwa jina lake kamili, lake na la baba yake na la babu yake, taratibu, kama mwalimu anayeita rejista. Alifariki kabla ya mvua, usingizini.

"Kwani hamjaifuta?"

"Tufute tukione cha moto? Ripoti zote zinaendeshwa kwa jina lake. Mwenyewe ndiye aliyezijenga. Toa jina lile, na bili hazitoki, na ripoti hazitoki, mpaka tujenge upya. Kila mtu anajua, hakuna anayetaka kuligusa. Tumemwacha kazini." Akacheka kidogo, kisha akajuta. "Mungu anisamehe. Lakini hakuna ubaya, dada. Ni jina tu. Shida yake ni moja, mlango ule hupita mtu mmoja kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa uko peke yako, hiyo si shida."

Akamsomea paswedi herufi kwa herufi. Mama Ripoti akaandika jina la marehemu, akaandika neno lake la siri, akajikuta anasema hodi kwa sauti ya chini. Mlango ukafunguka. Mita, mabomba na nyumba zote zikajipanga mbele yake juu ya meza ya cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akaona pumzi zinashuka hadi tumboni.

"Tumeingia, mume wangu!"

"Bado," alisema fundi.

*

Alichapa kazi tangu asubuhi, akisimama kumgeuza mgonjwa, kumnywesha uji kijiko kwa kijiko, na kurudi. Ripoti yenyewe si ngumu kuieleza: maji yanayosukumwa kutoka kwenye matangi, toa maji yanayosomwa kwenye mita, kinachobaki kimepotea njiani. Ugumu uko kwenye kukijua kilipopotelea. Mtaa kwa mtaa, bomba kwa bomba.

Ilipogonga saa tisa alasiri, skrini ikaganda. Ikawa nyeupe. Kisha ujumbe ukatokea katikati, maneno machache tu, kwamba mtumiaji huyu yumo ndani tayari.

Mama Ripoti akajaribu tena. Yumo ndani. Akazima, akawasha, akaandika lile jina upya, polepole. Yumo ndani. Akakodolea macho maneno yale mpaka mwili ukamsisimka, maana mtumiaji huyu alimjua, alimzika, alitupa udongo kaburini kwake kwa mkono huuhuu unaobofya.

Kabla kidogo ya saa kumi mlango ukafunguka wenyewe, kama vile hakikuwahi kutokea kitu.

"Mtandao huo," alijiambia kwa nguvu, ili na mumewe asikie. "Bando za siku hizi nazo!"

Kesho yake aliifungua ripoti yake akaikuta imeguswa. Juu ya kichwa cha habari palikuwa na mistari miwili mitupu ambayo hakuiweka. Aliifahamu mistari hiyo. Jumla alikuwa akiiweka kwenye kila ripoti, na ukimwuliza ni ya nini alisema ni ya kupumulia, msomaji avute pumzi kabla ya habari mbaya. Mama Ripoti akaifuta. Akashuka chini kutazama jumla, akaona si ile aliyoiacha. Akapekua. Mita za mtaa mmoja alikuwa amezihesabu mara mbili, kosa la kitoto ambalo lingemwaibisha mbele ya wakurugenzi. Sasa zilihesabiwa mara moja. Kosa lilikuwa lake, ila kulirekebisha hakukuwa kwake.

Na chini kabisa mfumo uliandika wenyewe, kama ilivyo kawaida yake, imeandaliwa na, kisha jina la mwenye akaunti. Jina la Jumla. Alilifuta akaandika la kwake. Alipohifadhi likarudi la Jumla. Akalifuta tena, likarudi tena. Basi na ripoti yenyewe, aliyoipigania hivi, ingekwenda kwa wakubwa kwa jina la maiti. Hilo nalo lilimwuma, si haba.

Saa tisa alasiri akatolewa nje. Mtumiaji huyu yumo ndani.

Safari hii hakujaribu tena. Aliondoa mikono juu ya laptopu, akakaa. Chumbani palikuwa kimya. Ndipo akasikia gurudumu la cherehani linazunguka. Akatazama chini. Miguu yake yote miwili ilikuwa kwenye sakafu, mbali na pedali. Gurudumu likazunguka, likapunguza mwendo, likasimama. Alipoinua macho, mumewe alikuwa anaitazama skrini, hamtazami yeye.

"Umeona?" akamwuliza.

"Bado," alisema fundi, taratibu, kama anayemtuliza.

*

"Nimempata," fundi wa kompyuta alisema siku iliyofuata, safari hii hakucheka. "Kuna mashine inaingia kutoka nje. Ni laptopu ya ofisi, ile aliyopewa Jumla. Haikurudishwa."

"Mungu wangu! Kwa hiyo iko kwake?"

"Iko kwake, na inawaka. Alishaitega, ikifika saa tisa iingie yenyewe, ipitie ripoti za siku kwenye jalada lake, izipange anavyopenda, itoke. Mzee alikuwa haamini mtu. Ile mistari miwili ni hiyo mashine."

Mama Ripoti akapumua. Kisha akauliza, "Na mita nilizohesabu mara mbili?"

Fundi akavuta kamasi. "Hilo mashine haiwezi kulijua. Labda ulilirekebisha mwenyewe, dada, ukasahau. Uchovu."

"Labda. Sasa mtoe."

"Nikimtoa yeye nakutoa na wewe. Jina ni moja. Nikilifunga, mpaka Jumatatu hakuna atakayeingia, na ripoti yako imo humo ndani. Dawa yake ni mtu kwenda kuizima hiyo laptopu." Akakohoa. "Ungekwenda wewe. Sisi... tunaona haya. Tangu mazishi hakuna aliyekanyaga pale."

*

Jirani alikubali kukaa na mgonjwa. Mama Ripoti akampa somo la kushika kijiko na kuinua shingo ya mgonjwa, akatoka mbio, akafika nyumbani kwa Jumla saa tisa inakaribia.

Mjane wa Jumla alikuwa mama mnene, mtulivu, amekonda uso tu. Alimtazama mgeni wake mlangoni, akakitazama kitambulisho kinachoning'inia shingoni.

"Wa ofisini," alisema. "Nilijua mkija mtakuja kufuata mali yenu."

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Tumefanya vibaya."

"Marahaba. Ingia, usisimame juani. Ila ungoje kidogo, saa zenyewe ndizo hizi."

Akampeleka chumba cha nyuma. Palikuwa na dirisha, meza ndogo, kiti kimevutwa nyuma kidogo, namna mtu anavyokiacha akitaka kurudi upesi. Chini ya meza palikuwa na kandambili za kiume. Juu yake ilikaa laptopu imefunguliwa, skrini nyeusi, na ubavuni kikombe cha chai kilichofunikwa kwa kisahani. Chai ilikuwa ya moto. Mama Ripoti aliuona mvuke.

Mjane akaketi juu ya kitanda, akapigapiga godoro pembeni yake mgeni aketi. Wakangoja, wamekaa kama watu walio kliniki. Ilipofika saa tisa feni ya ile mashine ikavuma, skrini ikawaka, na mistari ikaanza kupanda, herufi juu ya herufi, bila mkono wa mtu.

"Karibu, baba," mjane alisema kwa sauti ya chini.

Mama Ripoti aliona nywele zinamsimama mpaka kisogoni. Kwenye mistari ile alikuwa akiziona mita zake, mitaa yake, ripoti yake inapekuliwa.

"Siku ya arobaini baada ya kumzika nilitaka kuifunga," mjane alisema. "Nikasema nitaifunga saa tisa ikipita. Ikawaka. Sijui kusoma hayo yanayopita, mwanangu, lakini ndivyo yalivyokuwa yakipita akiwa amekaa hapo. Nikaenda kumchemshia chai. Tangu hapo namchemshia. Watoto wanasema nimechanganyikiwa."

"Mama, hiyo ni mashine. Aliitega ifanye hivyo kabla."

"Najua. Mimi si mjinga." Hakukasirika. "Kwani wewe wako anasemaje? Nimesikia amepata kiharusi. Habari mbaya hufika bila kupitia ofisi."

"Ana neno moja tu, mama. Anasema bado."

"Na daktari?"

"Anasema halina maana."

"Na wewe unamjibu?"

Mama Ripoti alitaka kusema hapana, akakuta machozi yameshamfika puani. "Namjibu," alisema. "Namjibu kila mara."

"Basi," alisema mjane.

Mistari ikaendelea kupanda. Mama Ripoti akamweleza yote palepale, bila kupaka rangi: kamera, meneja, Ijumaa, mama mkwe na gari lake. Kwamba wakimchukua mumewe atakwenda kulazwa chumba cha uani kwa watu wenye haraka zao, na atakayempa maji hatajua ni upande gani wa kinywa unaomeza. Mjane alisikiliza mpaka mwisho. Mashine nayo ikafika mwisho, feni ikatulia, skrini ikazima.

Mjane alisimama. Akaimwaga ile chai dirishani, akakisuuza kikombe. Akarudi, akaufunga mfuniko wa laptopu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunga mtu macho.

"Ichukue. Mwenye mtu aliye hai ana haki zaidi," alisema. Kisha uso ukamporomoka. "Ila uitoe upesi, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

*

Ijumaa ikafika. Laptopu ya Jumla ilikuwa ndani ya begi lake, uvunguni mwa kitanda cha mumewe, imezimwa, betri imechomolewa, ikingoja Jumatatu kurudishwa ofisini. Mama Ripoti alifanya kazi akiimba. Mabomba yalikubali, mitaa ilikubali, upungufu uliokuwa umejificha kwenye bomba kuu la mashariki ukajitokeza wenyewe. Ilibaki kuikagua mara ya mwisho na kuituma. Akasimama kumnywesha mgonjwa, kwa sababu haraka ya nini?

Alipoketi tena ilikuwa imegonga saa tisa. Skrini ikawa nyeupe.

Mtumiaji huyu yumo ndani.

"Hapana," alisema Mama Ripoti. "Hapana, hapana, hapana."

Akapiga magoti, akalivuta begi uvunguni, akafungua zipu. Laptopu ilikuwa baridi kama sahani. Betri ilikuwa kwenye mfuko wake wa pembeni. Akampigia fundi wa kompyuta.

"Yumo ndani! Anaingia kwa mashine gani?"

Akamsikia anabofya, anavuta kamasi, anaacha kubofya. "Siioni mashine, dada. Namwona yeye tu. Jina lipo, mahali hapapo." Sauti ilikuwa imepungua. "Naweza kulifunga jina sasa hivi. Useme tu. Lakini unajua, tukifunga..."

"Ripoti itabaki humo."

"Mpaka Jumatatu."

Jumatatu mumewe atakuwa ameshaondoka. Mama Ripoti akasema amwache kwanza, akakata. Simu ikiwa bado mkononi, akampigia mjane.

"Mama, nisamehe kukusumbua. Una kompyuta nyingine hapo? Kuna mtu yeyote kwenye chumba kile?"

"Sina, mwanangu. Chumba nimekifunga tangu ulipotoka." Kisha sauti ya mjane ikageuka, ikawa ya msichana. "Kwani amekuja?"

Mama Ripoti akatazama ukutani. Akatazama begi lililofunguliwa sakafuni. Angeweza kusema ni mtandao.

"Amekuja, mama," alisema.

Mjane hakupiga kelele, hakulia. Alisikika akivuta kiti. "Basi usimkatize. Hapendi kukatizwa. Tumngoje."

"Mama, ofisi inafungwa saa kumi."

"Hajawahi kuchelewa kufunga."

Ikawa hivyo. Simu ikawekwa juu ya cherehani, wazi, pumzi za mjane zikisikika ndani yake. Mama Ripoti akabofya. Yumo ndani. Ujumbe wa meneja ukaingia pembeni: nasubiri. Ujumbe wa mama mkwe ukaingia: gari nimeshapata, mfungashie nguo zake. Akabofya tena.

"Bado," alisema fundi kutoka kitandani.

Akabofya.

"Bado."

Hapo ndipo alipogeuka. Mumewe hakuwa anaropoka. Macho yake yalikuwa kwenye ile meza, juu kidogo ya bega la mkewe, mahali ambapo ungekuwa uso wa mtu aliyesimama nyuma yake akisoma. Alikuwa akimtazama huyo kama alivyokuwa akimtazama mteja kwenye kioo, kwa heshima ya kazi. Mama Ripoti hakuthubutu kugeuka. Aliunyosha mkono, akaushika mkono wa mumewe ulio hai, na mkono ukamshika. Chini ya meza gurudumu lilikuwa likizunguka, polepole, namna fundi anavyolizungusha akifika kwenye pindo la mwisho.

Hakubofya tena. Alingoja kila alipolisikia "bado". Mara kikapita kimya kirefu. Gurudumu likasimama. Akamtazama mumewe, akamwona amefumba macho, hakusema neno.

Akabofya. Mlango ukafunguka.

Ripoti ilikuwa palepale. Juu ya kichwa cha habari palikuwa na mistari miwili mitupu, na safari hii hakuifuta. Aliteremka nayo mtaa kwa mtaa, bomba kwa bomba, akitafuta kilichobadilika, na hakuna kilichobadilika. Jumla ya maji ilikuwa ileile aliyoiacha. Akafika chini kabisa.

Imeandaliwa na. Kisha jina lake yeye, la kwake na la baba yake na la babu yake, kamili, lile ambalo ofisini palikuwa na mtu mmoja tu wa kuliita.

Aliituma huku haoni vizuri. Meneja alijibu muda si muda, kwa kifupi kama desturi yake: imefika, endelea hukohuko. Mama Ripoti akamwinamia mumewe, akaweka paji la uso wake juu ya lake.

"Hutoki hapa," alimwambia. "Umenisikia? Gari likija litarudi tupu."

Ndipo akaikumbuka simu. Pumzi zilikuwa bado zimo.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Amemaliza?"

"Amemaliza, mama."

"Ameandika nini?"

"Ameandika jina langu. Pale lilipokuwa linakaa lake."

Kwa mbali kilisikika kikombe cha chai kinawekwa juu ya kisahani.

"Haya," alisema mjane. "Basi kesho sitamchemshia chai."